Saa Moja ya Maadili na Yosefu Aliyezikwa Kichwa Chini

Kwa Katibu,
Tume ya Leseni za Madalali wa Nyumba,
Makao Makuu ya Jimbo.

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wanaofanya kazi chini yako, pamoja na yule dada wa simu aliyenishauri niandike ili naye apate nafasi ya kunywa kahawa yake. Mimi ni Arlys Zabloudil, dalali wa nyumba hapa Linden Kavu. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijawahi kuilalamikia Tume, hata pale mlipoibadilisha leseni ikawa ya kijani na wateja wangu wakadhani nawaonyesha kibali cha kuvua samaki.

Leseni yangu inakwisha siku ya mwisho ya mwezi huu. Mmekataa kuihuisha kwa kuwa nimepungukiwa saa moja ya masomo ya maadili. Sikatai kwamba nimepungukiwa. Ninachosema ni kwamba saa hiyo imeliwa na zile nyingine nilizozisoma kwa bidii, na aliyenipa zile ndiye anayepaswa kunirudishia hii.

Ili usidhani nalia kwa ajili ya kipande cha karatasi, naomba ujue yafuatayo. Mama mkwe wangu, Ludmila, alikuja kwetu wakati wa kuvuna mahindi matamu akae wiki mbili huku nyumba yake ikiuzwa. Leo ardhi imeanza kuganda na bado yuko. Analala katika chumba chetu cha kulia, yeye na kodiani yake, na sisi tunakula jikoni tukiwa wima kama farasi. Kwenye nyumba ya wazee ya hapa mjini wamemwekea chumba kizuri chenye dirisha la mashariki, lakini mpaka Mwaka Mpya tu, na asipouza haingii. Dalali mwingine hapa ni mmoja, na mama mkwe hasemi naye tangu siku dalali huyo alipomimina sosi ya nyanya juu ya bata wake wa kuoka. Kwa hiyo leseni yangu ikifa, nyumba haiuzwi. Na nyumba isipouzwa, mimi nitakula nimesimama mpaka nizikwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Somo lenu la kwanza linafundisha kwamba kila mwenye nyumba aseme wazi yote anayoyajua kuhusu nyumba yake kabla ya kuuza. Mwalimu wa kwenye kompyuta, kijana mwenye tai, alirudia: "Ukijua, sema. Ukiwa na shaka kama useme au usiseme, sema." Nilitazama nikiwa kwenye chumba cha kulia, maana ndipo mashine ilipo, na mama mkwe alikuwa kitandani akifuma soksi. Akaniambia, "Huyo kijana kalelewa vizuri. Mwache aendelee."

2. Somo la pili likafundisha kwamba dalali asiingize dini katika biashara ya nyumba. Asimtajie mnunuzi kanisa, wala dhehebu la muuzaji, wala neno lolote litakalomfanya mtu adhani nyumba hii ni ya watu wa aina fulani. Nililiona somo zuri na nikaliandika kwenye ukuta wa jikoni.

Kila somo peke yake halina ubaya. Ubaya ni kuyatoa yote mawili katika wiki moja kwa mtu anayesikiliza.

3. Wewe ni mtu wa jimbo hili, huhitaji kuelezwa habari za Yosefu. Nyumba ikikataa kuuzwa, watu wanazika sanamu ndogo ya Mtakatifu Yosefu uani mbele, kichwa chini, uso ukielekea mlangoni, kwa sababu akikaa vibaya anafanya kazi haraka ili atoke. Ikiuzwa anafukuliwa, anaoshwa, na muuzaji anamsimamisha wima katika nyumba anayohamia, mahali pa heshima. Na hapo ndipo kwao muuzaji, hahami tena. Mimi ni Mmethodisti na ninao sita kwenye buti la gari. Mama mkwe, ambaye ni Mkatoliki kamili, alimzika wa kwake mwezi wa Septemba.

Basi mwezi uliopita wakapatikana wanunuzi, Bwana na Bibi Pruett, kutoka mji mkubwa. Nikakaa na mama mkwe tujaze tamko la muuzaji. Tukafika pale wanapouliza kama kuna kitu chochote kilichofukiwa kwenye kiwanja. Najua wanataka habari za matangi ya mafuta na visima. Miaka yote nimeandika "hakuna." Lakini safari hii nilikuwa nimetoka kusoma. Nikamtazama mama mkwe, mama mkwe akanitazama, akasema, "Ukijua, sema." Nikakumbuka na somo la pili, nikaondoa "Mtakatifu," na "sanamu" pia, maana ni neno la kanisani. Nikaandika: *Ndiyo. Yosefu, seremala. Kichwa chini, uani mbele, karibu na waridi. Ataondolewa malipo yakikamilika.*

Mama mkwe akatia saini.

4. Mwanasheria wa akina Pruett hakunipigia mimi simu. Aliwapigia polisi.

5. Hapa ndipo saa yangu ilipokwenda. Siku hiyo nilikuwa kwenye saa ya mwisho ya maadili. Kama unavyojua, mashine yenu huuliza kila baada ya kitambo, "Bado upo?" na usipobonyeza inafuta saa nzima. Nilikuwa nimebonyeza vizuri tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekwenda nyumbani kwake kupanga vyombo. Simu ikalia, jirani yake mama mkwe, mzee Delbert, akasema, "Arlys, polisi wa kaunti wanachimba kwa mama mkwe wako, na naye amewatengenezea kahawa." Nilitoka na koti la mume wangu.

Nilimkuta Konstebo Corwin Tietz ndani ya shimo hadi magotini, na mama mkwe amekaa juu ya kiti cha jikoni pembeni, blanketi mabegani, akijibu maswali. Nayaandika kama nilivyoyasikia, kwa kuwa yanahusu maadili:

"Bi Zabloudil, huyu Yosefu ulimfahamu?"

"Tangu utotoni. Mtu wa watu. Mkewe ndiye ninayezungumza naye zaidi."

"Alikuwa na adui?"

"Mmoja, mfalme. Lakini alimkimbia akaenda Misri."

"Na nani aliyemzika?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Ni mdogo, mwanangu. Nilitumia kijiko cha mbolea."

Konstebo akaacha kuandika. Mzee Delbert akapaza sauti kutoka kwenye ua wake, "Corwin! Ukimaliza hapo vuka huku, nina viazi sijachimbua!" Nilijaribu kueleza, lakini nikakumbuka kwamba siruhusiwi kutaja dini, nikasema tu, "Afisa, ni desturi ya biashara yetu. Hata mimi ninao sita kwenye buti." Nikaombwa nikae ndani ya gari la polisi.

Wakachimba uwanja wote wa mbele, na wa nyuma, na chini ya kibanda cha majembe, maana waridi zilihamishwa Oktoba na mama mkwe hakukumbuka upande. Jioni Konstebo Tietz akatoka na Yosefu kwenye kiganja, ana urefu wa kijiko cha supu. Akamwambia mama mkwe, "Bibi, ungesema." Naye akajibu, "Niliandika. Nikatia saini."

Akina Pruett wamejitoa. Niliporudi nyumbani mashine ilikuwa imeandika, *Hupo.*

6. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mchana ule uhesabiwe kuwa saa yangu ya maadili. Nilisema kweli kwa maandishi. Sikutaja dini hata nilipokuwa nyuma ya nondo za gari. Nilikuwapo kwa mwili wote, kuliko nilivyowahi kuwapo mbele ya kompyuta, na shahidi wangu ni askari wa kaunti. Mashine yenu imeuliza mara nyingi kama nipo. Haijawahi kuuliza niko wapi.

7. Kama ombi la sita ni zito, basi naomba saa za maadili ziondolewe kabisa kwa madalali wenye wakwe majumbani, au zisomwe baada ya nyumba kuuzwa, wakati ambapo haziwezi kumdhuru mtu. Nimefanya kazi hii muda mrefu bila kuongozwa na maadili zaidi ya yale ya kawaida, na nyumba ziliuzwa. Nimesoma wiki moja, na uwanja wa mama mkwe unafanana na shamba lililopitiwa na nguruwe.

Wasalimie wote ofisini, yule kijana wa tai, na dada wa simu. Mume wangu Milo anakusalimu, naye amesimama.

Nabaki dalali wenu mtiifu, hadi tarehe thelathini na moja,

Arlys Zabloudil

N.B. Nilikuwa sijaitia barua hii kwenye bahasha Konstebo Tietz alipokuja na mkewe. Wanainunua nyumba. Anasema amezunguka kaunti nzima na hii ndiyo nyumba pekee ambayo anajua kwa hakika kilicho chini yake. Kwa hiyo ninalazimika kukiri kwamba somo la kwanza linauza, na nafuta lalamiko la kwanza hadi la saba.

Lakini leo asubuhi nimeamka nikamkuta Yosefu juu ya kabati la vyombo, katika chumba chetu cha kulia. Ameoshwa. Amesimama wima, anaitazama meza. Nikamuuliza mama mkwe kama hakukosea, kwamba labda alitaka kumfungasha kwa ajili ya dirisha la mashariki. Akaweka soksi chini akasema, "Mkwe wangu, nimesoma na wewe hapa hapa, kwa hiyo nakuambia mapema usije ukadai nilikuficha. Dari inavuja pembeni. Mwanangu anakoroma hadi huku. Na mwenye nyumba hajui kuoka. Nimeyaona yote, na nimeipenda."

Milo ameketi. Amekuta nafasi kwenye kona ya kitanda cha mama yake.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, kuhusu leseni yangu, msijisumbue kuharakisha. Ikichelewa kidogo, akina Tietz hawataweza kusaini, na Yosefu itabidi atoke chumbani kwetu arudi ardhini. Safari hii nitamzika mwenyewe, na sitamwambia mtu.