Hina ya Theluji

Zaidi alikuwa kibarazani Majengo akinywa kahawa ya kukopa aliposikia Bi Rukaiya akilalamika dirishani. Binti yake Hajira alikuwa anaolewa Jumamosi, na kilichomkosesha mama usingizi hakikuwa bwana harusi wala mahari, bali hina. Mwaka jana binti wa wifi yake alipakwa hina iliyodumu wiki mbili, na wifi hajaacha kuisimulia hadi leo. Bi Rukaiya alitaka nyeusi zaidi, idumu siku arobaini, na wifi aione kwa macho yake.

Zaidi akameza kahawa ikiwa bado moto. Alikwisha kuuza dawa ya upara, na miche ya parachichi iliyokuja kuwa mipera. Hina hakuwahi. Lakini mtu anayetaka kumkomoa wifi yake ni mteja, na Zaidi hajawahi kumwangusha mteja kabla ya kulipwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sinunui kitu."

"Wala sitembezi bidhaa, mama. Ninayo kidogo tu, hina ya theluji. Inaota Uru, juu kabisa, inanyweshwa na maji ya mlima. Ndiyo maana haitoki mkononi."

Anayeijua Uru anajua kwamba kinachoota kule ni migomba na mibuni, na kwamba mhina ungekufa kwa baridi. Bi Rukaiya naye alijua, ila siku hiyo kichwa chote kilikuwa kwa wifi.

"Nyeusi?"

"Kama sufuria ya kuni."

"Siku arobaini?"

"Na ushee. Laki tatu tu."

Bi Rukaiya ni mwanamke anayeonja chumvi dukani kabla ya kuinunua. "Na ikikataa?"

Zaidi akaitazama pikipiki yake nyekundu, kitu pekee cha halali alichokuwa nacho duniani. "Ikikataa, chukua hii. Ila tutazame asubuhi ileile hina inapobanduliwa. Si mchana, si kesho yake. Ikiwa nyeusi, nipe changu niende."

Haraka hiyo ilikuwa na sababu. Pakiti aliyoileta baadaye ilikuwa dawa ya kutia mvi weusi, iliyochanganywa na unga wa majani. Dawa hiyo inatia weusi papo hapo, na baada ya siku mbili mikono inatoka malengelenge. Zaidi alipanga awe Arusha kabla ya lengelenge la kwanza.

Kadi ya pikipiki akakabidhiwa Bi Adija, mpakaji hina wa mtaa, aliyekuwa amekaa pembeni akipepeta mchele.

Jumatano jioni Bi Adija aliifungua ile pakiti, akanusa mara moja. Aliwahi kumwona bibi harusi aliyeunguzwa viganja na dawa hiyo, akalishwa pilau ya harusi yake kama mtoto. Pakiti ikaenda chooni. Yeye alikuwa na hina yake mwenyewe, majani ya mhina kutoka Kahe aliyoyatwanga, akayachekecha na kuyalowesha kwa ndimu na chai ya rangi tangu asubuhi, maana hakumwamini Zaidi tangu alipotaja Uru. Akatia sukari na mafuta ya karafuu kidogo, akampaka Hajira, akaifunga mikono. Kisha akamnong'oneza Bi Rukaiya.

Alhamisi asubuhi Zaidi alifika amechana nywele, begi la safari begani. Hina ikabanduliwa. Viganja vya Hajira vilikuwa rangi ya karoti.

Hina ya kweli huanza hivyo. Iache siku mbili bila kuilowesha maji, itakolea yenyewe. Kila mwanamke mle chumbani alijua. Zaidi hakujua, kwa sababu hina ya kweli hakuwahi hata kuishika.

"Hii ndiyo nyeusi?" akauliza Bi Rukaiya. Tusimsingizie, aliuliza tu.

Hajira akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Zaidi akadhani analia.

"Mama, labda... labda ndimu ilizidi..."

"Ulisema asubuhi ileile. Ufunguo, mwanangu."

Akautoa. Nakiri nilimhurumia, japo si sana.

Jumamosi alikuja harusini bila kualikwa, akitaka kuomba msamaha. Akaiona mikono ya Hajira: imekolea kama kahawa iliyoungulia kaangoni. Wifi alikuwa amegeukia ukutani.

"Mama! Mbona imekolea!"

"Sana. Mungu akubariki."

"Basi pikipiki yangu..."

"Tulitazama lini?"

"Alhamisi asubuhi."

"Ilikuwa nyeusi?"

Zaidi akafungua mdomo.

"Kama unabisha," akasema Bi Adija kwa upole, "waambie watu hapa, mle pakitini mlikuwa na nini."

Zaidi akaufunga mdomo, halafu akaufungua tena kuomba sahani ya pilau. Akapewa, na nyama mbili.

Alipotoka, Swaleh, mpwa wa Bi Rukaiya, alikuwa langoni juu ya pikipiki nyekundu, anasubiri abiria.

"Panda bro, nikupeleke. Buku mbili."

"Fanya buku," akasema Zaidi. "Hii haili mafuta, naijua."

"Buku mbili. Mwenye chombo mkali."

Zaidi akapapasa mfuko, akalipa, akapanda nyuma.