Feuille de Route kwa Radon wa Chumbani

Kisangani, tarehe 9 Juni 1987

Citoyen Commissaire wa Zone,

Pokea salamu za kimapinduzi na za ujirani mwema. Naomba uisome barua hii hadi mwisho, maana mke wangu ameondoka nyumbani kwa sababu ya hewa.

Mimi ni Assumani, mpima mizigo wa uwanja wa ndege wa Bangboka. Nyumba yetu ya saruji imejengwa juu ya mwamba, karibu na maporomoko ya Tshopo. Mwezi wa pili mission ya mafundi ilikuja kupima radon, hewa isiyoonekana wala kunuka, ambayo hupanda kutoka kwenye mawe, ikajaa ndani ya nyumba na kudhuru mapafu. Waliacha kikopo cheusi chini ya kitanda chetu kwa miezi mitatu. Karatasi ya majibu ikapitia, kama kawaida, kwa chef wa cellule yetu, mkuu wa mtaa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

1. Chef aliisoma karatasi mbele ya watu wote, kwenye salongo, kazi ya lazima ya umma ya kila Jumamosi: "Radon: présent. Chambre à coucher. Séjour prolongé." Yaani yumo chumbani, na amekaa sana. Akanitazama kwa huruma. Watu arobaini wenye majembe nao wakanitazama. Mke wangu, ambaye kwenye karatasi ni Citoyenne Bolumbu na nyumbani, utusamehe, ni Philomène, alikuwa ameshika ufagio.

2. Nilimweleza chef kwamba Radon si mtu. Akaniuliza: "Bon, kama ni hewa, juu ya nini iko na jina ya Wazungu?" Swali hilo niliona lina uzito. Sisi sote tuliacha majina hayo kwa amri ya chama miaka kumi na mitano iliyopita, na Radon bado anatembea na lake. Basi chef akamwandika kwenye daftari: Radoni wa Tshopo, mpangaji, hana kazi.

3. Akishaandikwa, ni mwanachama wa chama, kama kila anayevuta pumzi nchini, na huyu ndiye pumzi yenyewe. Lakini hajafika salongo Jumamosi tatu. Sehemu yake ya majani naikata mimi, na mgongo umeanza kulalamika.

4. Mafundi walituelekeza dawa: kutoboa sakafu na kupitisha bomba kutoka chini ya nyumba hadi juu ya paa, ili Radon aende zake. Chef amekataza. Anasema mpangaji aliyeandikwa hatoki cellule bila feuille de route, karatasi ya ruhusa ya safari. Kwa hiyo bomba limelala uani, na Radon amelala kitandani kwangu.

5. Hili ndilo linaloniuma. Kaka zake Philomène walikuja kwa mashua ya baleinière kutoka kwao Barumbu, wakataka kumwona huyo Radon. Niliwafungulia chumba. Walipokuta hakuna mtu, wakasema basi amekimbia, wakamchukua dada yao. Wiki ya tatu sasa nasonga fufu mwenyewe, na sijui kusonga. Namtaka mke wangu.

Sijamshuku Philomène hata siku moja, na hilo naomba liandikwe. Naomba pia mambo mawili: Radon apewe feuille de route ya kwenda juu, bila kurudi, na Philomène apewe cheti chenye muhuri kwamba aliyekutwa chumbani kwake hakuwa na mwili.

Nisalimie Citoyenne wako, watoto, makarani wote, na askari wa mlangoni aliyenirudisha mara mbili. Sina kinyongo naye.

Mimi, mwanachama wako asiyepata usingizi,
Assumani

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mama Germaine anayeuza samaki ameniletea ujumbe kutoka Barumbu. Philomène anasema: "Si Radon alinifukuza. Ni weye na misumari yako." Lazima nieleze. Mwaka jana Léon, fundi wa cherehani, alipohamia ng'ambo ya barabara, niliyapigilia misumari madirisha yote ya chumba. Nimewauliza mafundi, wanasema Radon hujaa zaidi pale pasipoingia upepo. Asubuhi hii nimeing'oa yote, kumi na tisa. Kwa hiyo, Citoyen Commissaire, kwenye ile feuille de route futa jina la Radon, uandike langu. Nakwenda Barumbu kuomba msamaha.