Ombi la Kufuta Neno "Paigeti" Gazetini

Ndugu Mhariri wa Gazeti la Kaunti ya Tollefson,

Natumaini u mzima, na mitambo yako pia. Mimi ni Ardell Kjos, mwalimu mstaafu wa sarufi, mume wa Verna, ambaye kwa miaka ishirini na miwili amekuwa mwamuzi wa pai katika maonyesho yetu ya kilimo hapa Iowa. Jumanne ulichapisha picha yake akitoka dukani na ganda la pai la kiwandani, yaani unga uliokwisha kukandwa, ilhali mwamuzi hutarajiwa kukanda lake mwenyewe. Juu yake uliandika neno moja: "Paigeti." Jumamosi kamati itaamua iwapo ataendelea kuwa mwamuzi. Kwa hiyo nalalamika:

1. Watergate ni jengo lililoko Washington. Mwaka 1972 wezi walikamatwa humo katika ofisi za chama cha siasa, na mwishowe rais akajiuzulu. Tangu hapo ninyi waandishi mmekata mkia wa jina hilo, "geti", na kuubandika kwenye kila aibu. Mke wangu hakuvunja ofisi ya mtu. Alinunua ganda na risiti anayo.

2. Duane kinyozi aliniuliza mbele ya wateja, "Mwalimu, leo umekula cha nyumbani au cha kiwandani?" Nilitoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Kanisani, Lavonne alimwambia Verna, "Usijali, shoga, hata marais hujiuzulu." Tangu siku hiyo Verna hataki kwenda popote.

3. Neno hili lisipofutwa litaingia kamusini. Likiingia kamusini, litafundishwa. Wanafunzi wataulizwa asili yake, na jibu sahihi litakuwa mke wangu. Sikubali mke wangu awe jibu la mtihani.

Usipolifuta kabla ya Jumamosi, nitakurudishia kila toleo likiwa limesahihishwa kwa wino mwekundu. La Jumanne lina makosa arobaini na moja.

Nisalimie wachapaji wote, na mama yako, ambaye insha zake zilikuwa safi.

Wako kwa heshima na kwa masikitiko,
Ardell Kjos

Nyongeza: Kamati imepiga simu sasa hivi. Hema la pai, ambalo kila mwaka hubaki na viti vitupu, limekwisha tiketi zote kwa sababu ya neno lako. Wanamtaka Verna aamue, na wameongeza shindano la maganda ya kiwandani, linaloitwa Paigeti. Verna amesema, "Ardell, ukilifutisha neno hilo, utajipikia mwenyewe." Basi libaki. Naomba nakala sita za toleo la Jumanne. Watoto wetu wanazitaka.