Wajibu Bila Raha

Kitu cha kwanza Kirezi alichokiona ni kitambaa kidogo chenye nembo ya kiwanda, bado kimeshonwa kwenye mkono wa koti jipya la mwenyekiti. Alikikazia macho kwa sababu hakuweza kuwakazia watu. Ndiyo maana alikuwa wa mwisho ukumbini kuelewa kilichotangazwa.

"Wapendwa," alisema Papa Ezéchias, mwenyekiti wa jumuiya ya Wakongomani wa Columbus na matawi yake ya Louisville na Buffalo, "maana ya maisha imepatikana. Ni wajibu. Kuanzia leo iko chini ya kamati."

Ukumbi wa kanisa, kule Reynoldsburg, pembezoni mwa Columbus, Amerika, ulipiga makofi. Matawi nayo yakapiga kwenye simu iliyokuwa mezani, Buffalo wakichelewa kidogo kwa ajili ya mtandao.

Habari hizo mwenyekiti alizipata kwenye mhadhara wa bure karibu na chuo kikuu, kuhusu wanafalsafa wa Kijerumani wa zamani. Alisikiliza nusu ya kwanza. Nusu ya pili iligongana na shifti yake ya ghalani. Lakini hiyo nusu ya kwanza aliishika barabara: tendo jema ulifanyalo kwa kuwa unalipenda halina thamani, thamani iko pale unapolifanya kwa kuwa ni wajibu tu, moyo upende usipende. Mwenyekiti akaona hapo pana kazi ya kamati.

"Donc, kwa hiyo," alisema, "anayependa kusaidia, asisaidie. Atatuharibia."

Utekelezaji ulianza vizuri. Kwenye kikao cha wiki iliyofuata, ukumbini humohumo, Louisville waliripoti kwamba wamemtembelea mgonjwa bila kufurahia hata kidogo, mpaka mgonjwa mwenyewe akawaomba waondoke.

"Hongereni," alisema mwenyekiti.

Buffalo walikuwa na tatizo. Katika kuwaondolea wazee theluji milangoni, walimkuta ndugu Semahoro akiimba.

"Anaimba nini?"

"Pambio, Papa. Na anachezacheza kidogo."

"Mnyang'anyeni sepetu."

Kisha likafika suala la mama yake Kirezi. Mama huyo, Bamurange, alikuwa anatua Columbus jioni ileile, akitoka kambini Burundi. Yeye na bintiye walikuwa wametenganishwa na mafaili ya wakimbizi: faili la binti lilitangulia, la mama likabaki nyuma likipigwa mihuri, mwaka baada ya mwaka. Na desturi ya jumuiya inajulikana: mgeni akitoka kambini, watu humfuata uwanja wa ndege kwa basi la kanisa, na nyimbo, na koti zito la kumvisha kabla baridi haijamkaribisha. Kirezi hakuwa na gari. Ufunguo wa basi ulikuwa mbele ya mwenyekiti.

"Binti yangu, unataka kwenda?"

Uso wa Kirezi ndio uliojibu.

"Ana hamu," alisema Bulonza, katibu, mtu aliyependa kanuni kuliko chakula. "Macho yamelowa."

"Basi hastahili. Nani hana hamu?"

Mama Mukandoli alisimama. Yeye na Bamurange waligombana kambini kwenye foleni ya maji, na ugomvi ule alikuwa amekuja nao Amerika bila kuulipia mzigo. "Mimi yule mama simupendi hata kidogo."

"Vizuri sana! Wewe utabeba maua."

Kirezi akarudi nyuma, mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni, akajificha humo. Mama yake atashuka kwenye ndege, atakumbatiwa na adui yake, na hilo litakuwa jema kuliko yote.

Bulonza alikohoa. "Pardon, Papa Mwenyekiti. Uenyekiti si wajibu pia?"

"Tena ndio mkubwa."

"Bon. Wewe unaupenda?"



"Mimi?" alisema Papa Ezéchias. "Mimi nateseka."

"Papa, umeununulia koti."

"Nalivaa kwa uchungu."

"Mwaka jana tulipokawia kukuchagua tena, ulikataa kula," alisema Mama Mukandoli.

"Anaupenda!" ilisema simu. "Louisville tunashuhudia!" Na baada ya kitambo, Buffalo: "Sana!"

Kanuni ni kanuni. Ikabidi atafutwe mtu asiyeutaka uenyekiti kwa moyo wake wote. Macho yakazunguka, yakafika kwenye makoti. Chini ya makoti palikuwa na viatu vya Kirezi.

Walimtoa. Alitikisa kichwa. Alishikilia mkono wa koti la mtu.

"Anakataa!" Bulonza alipaza sauti kwa shangwe. "Anatetemeka! Hatujawahi kupata mgombea wa namna hii!"

Alichaguliwa bila kupingwa, isipokuwa na yeye mwenyewe, na hilo likahesabiwa kama sifa.

"Toa amri, Mama Mwenyekiti."

Kirezi alitazama saa ya ukutani, akachukua ufunguo. "Semahoro arudishiwe sepetu," alinong'ona. "Na twende wote."

Mama Mukandoli, aliyezoea kuwaendesha wazee kazini kwake, alishika usukani. Watu wakapanda. Papa Ezéchias alibaki chini mlangoni, maana Bulonza alikuwa amemzuia kwa mkono.

"Papa, unataka kwenda?"

"Sitaki," alisema Papa Ezéchias. Injini ikawaka. "Nataka! Sijakosa mapokezi hata siku moja. Napenda mgeni akinipa mkono wa kwanza."

"Basi hustahili. Ni sheria yako, Papa."

"Mwache aingie na hamu yake," alisema Kirezi.

Papa Ezéchias akapanda, akaketi nyuma kabisa, pale panaporukaruka, na sufuria ya wali wa mgeni mapajani.

Bulonza akamgeukia Kirezi. "Na wewe, Mama Mwenyekiti, una hamu? Ukisema ndiyo, uenyekiti umekwisha."

Angeweza kutikisa kichwa. Hivyo ndivyo alivyojibu kila aliyemuuliza kama anamkumbuka mama yake, tangu afike Amerika. Bulonza aliisogeza karibu naye ile simu ya mezani, aliyopanda nayo basini, ili matawi yasikie.

"Ninayo," alisema Kirezi, kwa sauti iliyofika Buffalo bila kuchelewa. "Namtaka mama yangu. Kila siku nilikuwa namtaka, na mkiniuliza natikisa kichwa, ati niko sawa. Sikuwa sawa. Endesha, Mama Mukandoli."