Kusalimisha Risasi za Kijito cha Masimba

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, Kisangani. Mvua ya usiku ilikatika alfajiri, jua likatoka kwa ukali, na matope ya mtaa wa Kabondo yakaanza kutoa mvuke kama sufuria ya majani ya pondu. Saa mbili asubuhi redio ilikatiza nyimbo ili kumpisha Directeur Évariste, mkuu wa Ofisi ya Mkoa ya Heshima ya Vijito.

"Wananchi wapendwa," alitangaza, "kijito cha Masimba kina silaha."

Hakuwa anabahatisha. Kijito hicho hutoka kwenye mgodi wa dhahabu ulioachwa zamani, na maji yake ni mekundu. Wekundu wenyewe haukumsumbua mtu ofisini: mwaka uliotangulia kamati ya ofisi ilithibitisha kwamba, kwa kuwa haukomi, si tatizo tena bali ni mandhari. Lakini wiki iliyopita maabara ilileta ripoti kwa Kifaransa: ndani ya maji mna plomb kupita kiasi. Évariste, mtu wa bidii na sala, alifungua kamusi akatafsiri kwa mkono wake. Plomb: risasi, ile metali yenye sumu. Akaenda kula. Aliporudi ameshiba, aliisoma tafsiri yake, akaona risasi za bunduki, akaruka kitini.

"Hilaire! Mu kijito muko masasi!"

Hilaire, katibu wake, aliinua kichwa. "Masasi ya nani, papa directeur?"

"Ndiyo tutafute!"

Hivyo ikazaliwa Operesheni Kijito cha Amani. Askari wanne waliingia majini na sumaku. Walitoka na ndala moja, mnyororo wa baiskeli na kikaango. Kwa kuwa risasi hazikuonekana, kamati ilihitimisha kwamba wananchi wamezificha nyumbani. Ndiyo maana ya tangazo la asubuhi ile.

"Kila mwenye chombo chenye risasi," Évariste aliendelea redioni, "akilete ofisini leo. Hataulizwa swali. Atapewa palepale chombo cha namna hiyohiyo, kisicho na risasi. Amri hii haina marekebisho."

Kwa ajili hiyo alikuwa amechongesha bunduki kumi na mbili za mbao.

Kando ya kijito, Mama Euphrasie, muuza samaki wa kukaushwa kutoka Yanonge, aliacha kupanga samaki wake. Binti yake Fanny alikuwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, na daktari alishasema: ni ile plomb ya maji, mtoto asiyanywe tena. Lakini anywe yapi? Mama alikuwa amekwenda kwa Évariste kuomba bomba, akajibiwa kwamba ofisi inashughulikia heshima ya kijito tu, siyo maji yake. Sasa alisikiliza tangazo mpaka mwisho, akainua mikono.

"Asante Yesu! Fanny, leta bidon!"

Saa nne Évariste alikuwa katika ua wa ofisi, amevaa suti, rozari shingoni na ufunguo wa bomba la ofisi ukining'inia pamoja nayo. Karibu naye aliketi Mama Tania, inspectrice, mkaguzi kutoka Kinshasa, aliyetua uwanja wa ndege wa Bangboka asubuhi hiyohiyo ili kushuhudia silaha zikisalimishwa. Lango likafunguliwa. Baiskeli za toleka, zile za kubeba abiria, zikaingia, moja nyuma ya nyingine, kila moja imebeba bidon, madumu ya njano yaliyojaa maji mekundu.

"Mbote, papa directeur," alisema Mama Euphrasie, Fanny kando yake. "Tunaleta masasi."

"Bunduki iko wapi, mama?"

"Bunduki hapana. Chombo." Akapiga bidon kwa kiganja. "Iko na risasi ndani. Weye mwenyewe ulisema mu redio. Sasa utupe ya namna ile ile, yenye haina risasi."

"Mama, lakini haya maji ume..."

"Anauliza swali!" Dady, dereva wa toleka, alipiga kelele. "Alisema hakuna swali!"

Évariste alichomoa bunduki ya mbao kwa utaratibu. "Bon. Ofisi imeandaa hii."

"Hiyo inajaa lita ngapi, papa?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata askari aliyeshika sumaku alijificha nyuma ya sumaku.

Mama Tania peke yake hakucheka. "Monsieur le directeur, mule majini muna risasi ao hamuna?"

Évariste alifikiri haraka kama mtumishi mwema wa serikali. Zikiwa hazimo, Operesheni yote ilikuwa mchezo wa watoto, na yeye ndiye mtoto. Zikiwamo, bidon zile zilikuwa zinamngoja. Alimtazama Hilaire. Hilaire alitazama mbinguni, ambako hakuitwa.

"Zimo," alisema Évariste, kwa ajili ya heshima ya kijito.

"Alors, fungua bomba."

Ufunguo ulikwama kwenye rozari. Ilibidi ainamishe shingo juu ya kufuli la bomba, kama anayetubu. Maji yakatoka meupe. Fanny alikunywa kikombe, akaomba kingine.

"Na kesho?" aliuliza Mama Euphrasie.

"Kesho tutaangalia marekeb..."

"Haina marekebisho!" waliitikia wote, vizuri kuliko kwaya ya Pasaka.

"Sema kwa sauti, papa," Mama Euphrasie alimwambia kwa upole. "Mungu iko anasikia, lakini ba toleka bako mbali."

Évariste alifunga kifungo cha koti, akakohoa.

"Mimi, Évariste, ninaahidi mbele ya Mungu, ya mama inspectrice na ya bidon hizi zote: bomba hili halitafungwa mpaka kisima kichimbwe Masimba. Na mimi mwenyewe nitapanga foleni hapa."

"Nyuma ya nani?" aliuliza Dady.

"Nyuma ya Fanny."