Nilivyokataa Kurusha Ndege kwa Adabu

Jamani, leo nimejivua nguo mbele ya mkwe. (Nguo za heshima. Msianze!) Herufi zikikosewa mnivumilie, shule niliiacha njiani.

Mwanangu Hamisi ni rubani. Kampuni yao ilipopunguza safari, marubani wengi wakaambiwa nendeni nyumbani, tutawaita. Karudi hapa kwangu Katubuka na mkewe Zaituni, anasubiri. Anasema wanaitwa kwa zamu: aliyeajiriwa kwanza anaitwa kwanza. Ukikataa, zamu inaenda kwa wa nyuma yako, wewe unarudi mkiani. Miezi yote hiyo analala na simu kama mtoto mchanga.

Leo asubuhi akaenda Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, kununua samaki, migebuka. (Migebuka siku hizi imekuwa adimu, lakini hilo siku nyingine.) Simu akaiacha kwenye chaji. Ikalia. Zaituni yuko uani anafua. Nikapokea mimi.

"Naongea na Kapteni Hamisi?" Sauti ya mama mmoja, laini.

"Ndiyo, ndipo hapa." (Baba na mwana si kitu kimoja?)

Nikaiweka simu chini nimpigie makofi ya salamu, kama sisi Waha tulivyolelewa. Nilipoichukua tena nikasikia, "...tunakuita urudi kazini. Unakubali?"

Moyo ukaruka! Lakini mimi nina adabu. Kwetu ukikaribishwa chakula husemi ndiyo papo hapo kama mwenye njaa. Unakataa kidogo, mwenyeji anasisitiza, ndipo unanawa.

Nikamwambia, "Hapana mama, msijisumbue. Anzeni na wengine, wenye mvi zao."

Nikangoja asisitize.

"Sawa, Kapteni. Asante." Akakata!

Nilibaki nimeshika simu, mdomo wazi. Mwenyeji gani huyu?

Hamisi akaingia. Nikamweleza. Samaki wakaanguka wote sakafuni. Akapiga simu na kuweka sauti kubwa. Zaituni akaja mbio na mapovu mikononi. Majirani nao wakajaa mlangoni.

"Kapteni, umekataa mwenyewe," yule mama akasema. "Nataka kumpigia anayefuata."

"Siyo mimi! Ni baba yangu!"

"Basi niongee naye."

Nikasogea. Jasho linanitoka.

"Mzee, shikamoo. Wewe ni rubani?"

"Marahaba. Hapana, mama."

"Una leseni ya kurusha ndege?"

"Hata ya baiskeli sina."

"Umewahi kupanda ndege?"

"Sijawahi. Hata meli natapika nikiiona gatini."

"Sasa mbona ulikataa kazi?"

"Nilikuwa nangoja unibembeleze!"

Huko kwenye simu wakacheka watu wengi, kumbe na yeye kaweka sauti kubwa! Majirani mlangoni pangu wakaanguka kwa kicheko. Zaituni, anayenipigia magoti akiniamkia, akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka. Mkwe wangu ananicheka! Nikatamani ziwa linimeze.

"Kapteni Hamisi," yule mama akasema, kicheko bado kinamtoka, "anayeruhusiwa kukataa ni rubani mwenyewe. Nafasi yako ipo. Unakubali?"

"Nakubali!" Akajibu kabla mama wa watu hajamaliza. Hana adabu kabisa, lakini kazi amepata.

Mimi sasa niko chumbani, nimejifungia. Nawaomba msicheke. Na atakayeniita Kapteni msikitini, salamu yake simwitikii.