Waislamu Wanne wa Mutshatsha

Kwa Tata Imamu na komite nzima ya da'awa, Kolwezi.

Salamu zenu huzipokea kila mwaka. Leo pokeeni zangu, asalaam alaykum. Mi ni Assani Kyungu, muuza makala wa hapa Mutshatsha, Mwislamu tangu tumboni mwa mama. Nawaandikia kwa heshima zote, lakini nimechoka, jamani.

1. Kila kiangazi wahubiri wenu wanashuka kwenye treni, wananikuta pale gare na magunia yangu ya makala, wananisilimisha. Mara nne sasa! Nikiwaambia mi tayari, wanafurahi kwamba imani imeingia upesi hivyo. Watu wametoka mbali, nitawakatalia vipi?

2. Kila mara napewa jina jipya. Nimekuwa Yunusi, Idrisa, Lukmani na Zakaria. Bibi yangu wa ndoa Angèle, Mkristo asiye na ubaya na mtu, akikasirika ananiita yote manne kwa mpigo, na majirani wanadhani tumepata wageni.

3. Kila mara nafundishwa kutawadha. Jirani yangu Tata Muteba, shemasi wa Kimetodisti, ametazama hadi amejua. Mwaka jana mhubiri alisahau kupaka maji kichwani, Muteba akamkumbusha. Na bado ni shemasi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Katika daftari lenu la waliosilimu Mutshatsha ina Waislamu wanne. Basi komite inisaidie kuwatafuta wale watatu, maana Ijumaa siwaoni. Mi naadhini, mi naitikia, mi nasimama mbele. Nikitoa salamu kuume na kushoto, ni magunia tu. Nikifa nani ataniosha? Muteba amejitolea, Mungu ambariki, lakini yule atanizika na kwaya.

Kwa hiyo naomba: leteni mwalimu mmoja wa kukaa, asiyerudi na treni ileile. Kama hapana, msije tena kabisa.

Nisalimieni msikiti wote, na mama wanaopika, na yule ndugu wa daftari. Mwandiko wake mzuri, hesabu tu.

Wenu katika dini, mara nne,
Assani Kyungu

N.B. Sasa hivi Angèle ametoka gare, anasema eti mwaka huu munaenda Sandoa, kwani hapa tunatosha, tuko bane mu daftari. Hapana, batata, baba zangu! Mbuzi yenu iko tayari. Mukuje tu, hata bila mwalimu. Ni siku moja mu mwaka muzima niko na mutu kuume na mutu kushoto. Pale gare mujifanye hamunijue. Jina la tano mi nimeshachagua.